Mwendesha lifti aliyeogopa kufungua jukwaa la darasa lake

Saa moja na robo asubuhi, lifti ya hospitali imejaa. Ndani kuna kitanda cha magurudumu chenye mgonjwa, mpagazi anayekisukuma, muuguzi aliyeinua chupa ya dripu, na mwanamke mmoja aliyebanwa kwenye kona ya vitufe, mgongo ukutani.

Anabonyeza tano. Mlango unafunga, unafunguka, unafunga tena. Lifti inanguruma kidogo, kisha inapanda.

Mkono wake wa kushoto umo mfukoni mwa koti la kazi. Umeshika simu, lakini hautoki nayo. Unaigusa, unaiacha, unaigusa tena.

"Leo umeishika mara ngapi hiyo?" anauliza mpagazi, ambaye wenzake wanamwita Breki kwa sababu kitanda chake hakijawahi kupungua mwendo kwenye kona.

"Sukuma kitanda chako."

"Nauliza tu. Isije ikaota mizizi humo mfukoni."

Muuguzi anacheka. Mgonjwa naye anatabasamu, ingawa hajui kinachochekwa.

Ghorofa ya tano wote wanashuka. Mwanamke anapobaki peke yake, anaitoa simu. Kwenye kioo kuna alama ya chuo chake, na juu ya alama hiyo duara jekundu lenye namba kumi na moja. Hizo ni taarifa kumi na moja ambazo hajazifungua. Anazitazama mpaka mtu anagonga mlango wa chuma huko chini, ghorofa ya pili. Simu inarudi mfukoni.

Ni Alhamisi. Kesho saa kumi na moja jioni, kama hatakuwa ameandika kitu kwenye jukwaa la majadiliano la darasa lake, mfumo wa chuo utamfuta kwenye kozi. Tayari amekosa majuma mawili. Juma la tatu halisamehewi.

Ana umri wa miaka arobaini na miwili, na kumi na minne kati ya hiyo ameimaliza ndani ya chumba hiki cha chuma, akipanda na kushuka ghorofa nane. Wapagazi wanamwita Juu-Chini. Wanafunzi wenzake sitini na wawili, ambao alidhani hajawahi kukutana na hata mmoja, wanamwita Lifti. Kila mmoja wao alichagua jina la kutumia jukwaani, na yeye hakuwa na muda wa kufikiri jina lingine.

Gazeti hili lilikwenda hospitalini hapo kuandika habari za kazi yake, kwa sababu kazi hiyo inaondoka. Baada ya miezi minne itafungwa lifti mpya inayojiendesha. Ya sasa haiwezi kuachwa peke yake. Vitufe vya nje vya ghorofa tatu vimekufa, na mlango hauna subira. Anayetaka kupanda hugonga chuma. Kugonga mara moja ni mgeni. Kugonga mara tatu ni kitanda, na hapo hata daktari mkuu atashushwa njiani.

"Niliwahi kuchora vistari kwenye kadi, nikahesabu safari za zamu moja," anasema. "Mia mbili na kumi. Na sijafika popote."

Ofisi ya hospitali imesema lifti ikibadilishwa, kutakuwa na nafasi tatu kwenye chumba cha mafaili kwa watumishi wa zamani, mradi wawe na cheti cha mapokezi na utunzaji wa kumbukumbu. Ndipo alipojiandikisha kwenye chuo kinachofundisha mtandaoni. Ada ya muhula mmoja ilimeza mishahara yake miwili.

Kozi ni ya majuma kumi na mawili. Mtihani una alama sitini. Arobaini zilizobaki zinatoka jukwaani. Kila Jumatatu mkufunzi anaweka swali. Mwanafunzi anatakiwa aandike jibu lisilopungua maneno mia moja na hamsini, kisha awajibu wenzake wawili, kabla ya Ijumaa jioni.

Kwa mtu aliyemaliza shule zaidi ya miaka ishirini iliyopita, jambo hilo lilimtia jasho kuliko mtihani wenyewe.

"Juma la kwanza niliwajibu wenzangu wawili kwa mpigo," anasimulia. "Niliandika, nakubaliana na wenzangu wote. Nikaona nimemaliza. Mwalimu akaniandikia, wenzako wawili wamepingana, wewe umekubaliana na yupi?"

Anacheka kwa kuziba mdomo. Kisha mtu anagonga, naye anageuka kwenye vitufe.

Alijifunza kuandika kwa vipande. Ndani ya njia ya lifti hakuna mtandao, lakini mlango ukifunguka mtandao unarudi kwa sekunde chache. Basi alikuwa anatunga sentensi moja lifti ikiwa inapanda, na kuihifadhi mlango ukifunguka. Sentensi ya pili iliandikwa wakati wa kushuka. Mchango mmoja ulichukua zamu nzima, lakini ulikamilika.

Wenzake walikuwa watu wa kazi kama yeye. Kulikuwa na tarishi aliyejiita Stempu, na mtoza ada wa zahanati aliyejiita Dirisha la Tatu. Kulikuwa pia na karani wa bohari ya saruji, mwanamke mwenye miaka thelathini na kitu, anayetaka kuacha vumbi na kuhamia kazi ya ofisi. Yeye alijiita Bohari. Hakuna aliyejua mwenzake anaishi mji gani.

Juma la tano mkufunzi aliuliza: Eleza tukio la kazini ambapo mawasiliano mazuri yalimsaidia mgonjwa au ndugu yake.

"Wenzangu wote waliandika kama kitabu," anasema. "Mimi kitabu nilikuwa sijakisoma, nilikuwa na zamu mbili mfululizo. Nikaandika ninachokijua."

Aliandika hivi, na maneno hayo bado yapo jukwaani:

"Mimi naendesha lifti ya hospitali. Kulikuwa na mzee akiletwa mara mbili kwa juma kwenye mashine ya kusafisha damu, ghorofa ya sita. Alipenda tusimame kila ghorofa hata kama hakuna mtu, achungulie. Siku moja binti yake alitangulia kwa ngazi kuwahi foleni. Mzee akaniambia, mimi najua sitapona, daktari nimemsoma usoni. Lakini mwanangu usimwambie kuwa najua. Ananiambia nitapona, na akishasema hivyo ndipo anapata nguvu ya kunileta tena. Tulipofika ya sita, binti akasema, baba leo unaonekana vizuri. Mzee akasema, hata mimi naona hivyo. Nimejifunza kuwa mawasiliano mengine ni kunyamaza."

Mkufunzi alimpa tisa juu ya kumi. Dirisha la Tatu aliandika kwamba amelia mbele ya wateja. Kufika Jumatano, majibu yalikuwa kumi na tisa, mengi kuliko ya mwanafunzi yeyote tangu kozi ianze.

"Nilivimba kichwa, siwezi kukudanganya," anasema. "Kila mlango ukifunguka, naangalia. Breki akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu."

Jibu la ishirini lilitoka kwa Bohari. Lilikuwa swali fupi. Je, mzee huyo alikuwa akivaa kofia ya sufu ya kijani, yenye kifungo kimoja kilichoshonwa kwa uzi mweupe?

Lifti alifurahi. Alidhani mwenzake ana kipaji cha kuotea. Akaandika, "Ndiyo! Umejuaje?" na mlango ukafunga.

Alipofika ghorofa ya nne, jibu lilikuwa limeshaingia.

"Huyo ni baba yangu. Nilidhani alikufa hajui."

Hakukuwa na neno lingine chini yake.

"Sikumbuki nani alikuwemo kwenye lifti," anasema. "Nakumbuka watu walitaka ghorofa ya tatu nikawapeleka ya saba, na hakuna aliyelalamika. Labda walinitazama usoni."

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kujaribu kufuta. Alibonyeza palipoandikwa futa. Mfumo ukamjibu kuwa mchango uliokwisha kujibiwa haufutiki. Alijaribu tena kwa kuzima simu na kuiwasha. Alijaribu kwa simu ya mumewe. Maneno yalibaki palepale, pamoja na tisa yake juu ya kumi.

Mwendesha lifti wa zamani, aliyemwachia kiti chake miaka kumi na minne iliyopita, alimfundisha kazi kwa siku mbili. Alimwambia asikae mgonjwa akiwa ndani. Asiulize mtu anaumwa nini. Na anachokisikia humu asitoke nacho.

"Watu wakiingia kwenye lifti wanasahau kuwa mimi nipo," anasema. "Wanaongea mirathi, talaka, majibu ya vipimo. Mimi naangalia namba. Miaka yote hiyo sijatoka na neno, hata kwa mume wangu. Halafu nikaenda kulisema mbele ya watu sitini."

Kwa nini alilisema?

Anafikiri kwa ghorofa mbili nzima kabla ya kujibu.

"Nilidhani jukwaa ni kama humu. Mtu anaingia, anasema lake, anashuka, mnasahauliana. Kumbe kule hakuna anayeshuka. Kila mtu bado yumo, na kila neno bado limo."

Tangu siku hiyo hakufungua tena jukwaa. Swali la juma la sita lilipita. La saba likapita. Duara jekundu lilianza na moja, likawa nne, likawa tisa. Hakujua ndani kuna nini, na kila namba ilipoongezeka alizidi kuamini kuwa ni lawama.

Nyumbani, hali hiyo haikufichika. Mumewe ni mpaka rangi wa nyumba, mtu mtaratibu anayekula huku bado ana madoa ya chokaa kwenye viwiko. Gazeti hili lilimkuta jioni ya Alhamisi ameinua miguu juu ya kiti, kwa sababu mkewe alikuwa anapiga deki.

"Ni mara ya tatu tangu jana," alisema mume. "Mama, sakafu imekukosea nini?"

"Ina vumbi."

"Vumbi limeshaomba radhi. Kaa unywe chai."

Alikaa. Alikunywa nusu kikombe, akasimama kuangalia kama mlango umefungwa. Ulikuwa umefungwa. Akarudi, akakaa, akaitoa simu, akaiweka kifudifudi.

"Mimi nikikosea rangi ya ukuta wa mtu, naomba radhi, napaka tena," mume alisema. "Siukimbii ukuta."

"Ukuta hausomi."

Mume alishusha miguu sakafuni. Baadaye, mkewe alipotoka kwenda kuanua nguo, alisema kwa sauti ya chini kwamba hajali cheti. "Nafasi ikipotea tutajua la kufanya. Ila huyu mtu hatulii. Anaamka anabonyeza ukuta usingizini kama anatafuta kitufe."

Ijumaa ilianza kwa vitanda. Asubuhi kulikuwa na upasuaji saba, na kila mmoja ulishuka na kupanda. Saa nne alijaribu kutunga sentensi ya kwanza. Swali la juma la nane lilikuwa limebandikwa kwenye ukurasa wa kozi, ambao angeweza kuusoma bila kuingia jukwaani: Kwa nini faili la mgonjwa halipaswi kuachwa wazi mezani? Toa sababu mbili.

"Kati ya maswali yote ya dunia," alisema, akatikisa kichwa.

Hadi saa nane mchana alikuwa ameandika na kufuta mara sita. Sentensi zote sita zilianza kwa maneno ya kitabu.

Saa tisa kamili walikuja mafundi wawili wenye futi ya chuma na tochi. Walitumwa kupima njia ya lifti kwa ajili ya lifti mpya. Msimamizi wa jengo akaweka kizuizi mbele ya mlango, akasema lifti itasimama kwa saa moja na nusu. Vitanda vya dharura vingepita jengo la pili.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, Juu-Chini hakuwa na pa kwenda.

Alikalia kiti chake kisicho na mgongo, nje ya mlango wa lifti yake mwenyewe. Alisimama. Aliwauliza mafundi kama wanataka maji. Hawakutaka. Alikaa, akasimama tena kusoma tangazo la chanjo ambalo amelisoma kwa miaka mitatu.

Breki alikuwa ameegemea kitanda kitupu, akimtazama.

"Fungua hiyo simu."

"Baadaye."

"Baadaye ndiyo hii. Ukikataa, naifungua mimi, na mimi ninavyosoma polepole utateseka zaidi."

"Ukisoma wewe utatangaza mpaka jikoni."

"Basi soma mwenyewe, dada yangu. Mimi nitaangalia ukuta."

Na kweli akageuka akatazama ukuta. Mwanamke akaiwasha simu, akabonyeza duara jekundu. Namba ilikuwa imefika kumi na tatu.

Ya kwanza ilitoka kwa Stempu: "Lifti, upo?" Ya pili, Dirisha la Tatu: "Lifti imekwama ghorofa ya ngapi? Tukuletee fundi?" Nyingine tatu zilikuwa za chuo kukumbusha tarehe. Mkufunzi alikuwa ameandika mara mbili, mara ya kwanza kumwambia kuwa yeye ana uwezo wa kufuta mchango huo, lakini amemuuliza kwanza Bohari.

Alisoma kwa kupitisha kidole chini ya mistari. Kidole kilisimama kwenye taarifa ya tisa. Ilikuwa ya Bohari, iliyotumwa siku kumi kabla.

"Nimemwambia mwalimu asiufute. Naurudia kuusoma. Kama kuna kingine alisema, naomba uniambie."

Alimwonyesha Breki simu. Breki alisoma, polepole kama alivyoonya.

"Siku kumi," alisema mwishowe. "Mwenzako anagonga mlango siku kumi, wewe umekaa ndani."

Mwanamke aliichukua simu yake. Saa ilikuwa tisa na dakika ishirini na tano. Aliinama juu ya simu, na kwa nusu saa iliyofuata hakusimama hata mara moja. Mafundi walipita mbele yake na ngazi, akasogeza miguu bila kuinua uso.

Sehemu ya alichoandika ni hii:

"Sababu ya kwanza imo kitabuni, kwamba siri ni ya mgonjwa na si ya mtunza faili. Sababu ya pili nimeipata kwa kukosea. Juma la tano niliacha faili wazi humu jukwaani. Mzee aliniamini kwa jambo, akanitajia mtu nisiyepaswa kumwambia. Mimi nikaona kwa kuwa sikumtaja jina, nimelifunga. Lakini mtu hajulikani kwa jina peke yake. Anajulikana kwa kofia yake, na kwa kupenda lifti isimame kila ghorofa. Nilidhani atakayepita mezani ni mgeni. Aliyepita ndiye hasa aliyefichwa. Bohari, nakuomba radhi. Nilimwahidi baba yako, nikavunja."

Mfumo una desturi ya kuhesabu maneno kabla ya kupokea. Ulihesabu, ukasema mia moja arobaini na saba. Yamepungua matatu.

Alitafuta mahali pa kuongeza. Alisoma toka juu hadi chini mara mbili. Kisha akaandika mwishoni: "Nilimpenda mzee huyo."

Bado alikuwa na majibu mawili kwa wenzake. La kwanza alimwandikia Stempu, aliyedai kuwa faili likiachwa wazi linaweza kumwagikiwa chai. Alimwambia kuwa hakubaliani naye, kwa sababu chai hukauka. La pili lilikuwa la Bohari.

Hapo ndipo msimamizi wa jengo alipoondoa kizuizi. Mafundi walimaliza mapema. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini, na watu walikuwa wamejazana.

Alirudi kwenye vitufe, simu mkononi, jibu likiwa na mistari miwili tu. Alipeleka wageni ya tatu na ya nne. Alirudi chini, akaongeza mstari. Saa kumi na dakika hamsini na moja alibonyeza tuma, na wakati huohuo akasikia mlango wa chuma wa ghorofa ya chini ukigongwa mara tatu.

Kilikuwa kitanda cha mtoto aliyevunjika paja. Mama yake alikuwa anakimbia kando yake, kiatu kimoja mkononi.

Kwenye simu, kiduara kilikuwa bado kinazunguka. Kama angeuzuia mlango kwa sekunde kumi, kingemaliza. Alibonyeza saba, akaacha mlango ufunge.

Lifti ilianza kupanda. Mtoto alikuwa analia kwa kwikwi. Mwendesha lifti alitazama namba, kama anavyofanya siku zote. Mlango ulipofunguka alishika ukingo wake mpaka magurudumu ya nyuma yakapita, akamwonyesha mama chumba, kisha ndipo akaangalia simu.

Ilikuwa imetuma. Saa kumi na dakika hamsini na sita.

Gazeti hili lilizungumza na Bohari kwa simu siku mbili baadaye. Alikubali habari hii iandikwe kwa sharti la kuisoma kwanza, na ameisoma.

"Siku ile nilikuwa nahesabu mifuko ya saruji, nikasoma wakati wa chakula," alisema. "Nilimkasirikia, sifichi. Mtu nisiyemjua alijua jambo la baba yangu ambalo mimi sikulijua. Nilijiuliza, kwa nini yeye? Kwa nini siyo mimi?"

Kaka zake ndio walioamua mzee asiambiwe hali yake. Yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka hospitalini, hivyo yeye ndiye aliyebeba kazi ya kusema atapona. Aliisema mara mbili kwa juma, miezi mitano. Mzee alifariki miezi kumi na moja iliyopita.

"Nimekaa miezi yote hiyo nikijiona nimemdanganya baba mpaka kaburini. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa ananidanganya mimi. Alikuwa ananisikiliza tu, aniachie niseme." Nyuma yake kulisikika mtu akiita namba za mifuko. "Sitaki aniombe radhi tena. Nataka anisimulie. Yeye alikuwa naye ndani ya kile chumba safari zaidi ya arobaini."

Mkufunzi alimpa Lifti nane juu ya kumi kwa juma la nane. Mbili alizikata kwa sababu, kwa maneno yake, sababu ya kwanza haikuelezwa vya kutosha. Kuhusu majuma mawili yaliyopotea alisema hawezi kurudisha alama zake, lakini mlango wa mtihani bado uko wazi.

Alhamisi iliyofuata, saa nane mchana, Juu-Chini yuko kwenye kona yake. Simu iko mfukoni na mkono hauko nayo, ingawa mguu wake wa kulia bado unapigapiga sakafu. Mtihani ni baada ya majuma manne. Amepiga hesabu kwamba akipata arobaini na mbili juu ya sitini, cheti kitatoka hata kwa pengo la majuma mawili. Fomu ya kuomba nafasi ya chumba cha mafaili ameshaichukua, ameijaza kwa penseli.

Lakini kabla ya mtihani kuna Jumamosi. Waligundua kuwa bohari ya saruji iko safari ya saa moja tu kutoka hospitalini. Wamekubaliana wakutane kwenye geti la bohari, saa tatu asubuhi, maana Bohari amesema miguu yake bado haiwezi kuingia tena kwenye jengo hili. Msimamizi ametoa ruhusa ya nusu siku. Breki atakalia kiti, na wenzake wameshaanza kuwaonya wagonjwa.

"Sijui nianzie wapi," anasema. "Nikianza na yale ya kuchekesha ataona nafanya mzaha. Nikianza na yale mazito, tutalia getini watu wakipakia saruji."

Kwenye mfuko wa kifuani ana kadi. Ameandika alichokumbuka, kila kimoja mstari wake. Jinsi mzee alivyomtania muuguzi wa ghorofa ya sita. Siku aliyosema binti yake anatembea kama mama yake. Siku aliyokataa kiti cha magurudumu akashika mkono wa Breki. Mistari iko sita.

"Kuna la saba," anasema. "Hilo sijaliandika. Hilo hakuniambia kwa ajili ya binti yake. Aliniambia kwa sababu alitaka kulitua mahali, na mahali hapo ni mimi."

Mwandishi anamuuliza ni jambo gani.

Anamtazama kidogo, si kwa ukali. Kisha anageukia vitufe, anainua kidole.

"Wewe unashuka ya ngapi?"